Nilimzika Mama Akiwa Hai Ili Nipate Ufadhili

Nina miaka ishirini na minne. Naitwa Solange. Naishi Durban, Afrika Kusini, pamoja na mama yangu mzazi, kwenye ghorofa moja la South Beach. Chumba chetu tumekigawa kwa pazia. Upande wa dirisha ni wake, upande wa mlango ni wangu. Mama yangu ni mzima. Anakohoa kidogo wakati wa baridi, lakini ni mzima. Anasuka nywele za watu kutwa nzima, na Jumapili anaimba kwaya.

Naanza na hilo kwa sababu kuna wakati niliwaambia watu kwamba mama yangu amekufa. Niliandika kwa mkono wangu mwenyewe, nikalia machozi mbele yao... na watu hao wakanizawadia!

Ndugu wasomaji, mara nyingi nimekaa kuuandika mkasa huu, nikainuka kabla ya kumaliza mstari wa pili. Hata sasa mguu wangu unatikisika chini ya meza. Lakini leo siinuki.

Tulitoka Bukavu nikiwa na miaka minne. Sikumbuki chochote cha safari ile. Baba alituleta mpaka Durban, akakaa nasi miaka miwili, kisha akaenda kutafuta maisha Johannesburg na hakurudi. Hakufa, hakufungwa. Hakurudi tu. Mama akajifunza kusuka katika saluni moja karibu na Point, na kwa vidole vyake nilisoma mpaka darasa la mwisho la sekondari, lile tunaloliita matriki.

Shuleni nilikuwa na rafiki mmoja tu wa kweli, Saumu. Alikuwa Mtanzania, mtoto wa Tanga. Mama yake alikuwa amefariki miaka minne kabla ya mkasa huu, na aliishi Overport na baba yake, Mzee Bakari, fundi simu. Saumu alikuwa wa kwanza darasani, mimi wa pili. Mimi Mkristo, yeye Mwislamu, lakini Pasaka alikula kwetu na Idi nilikula kwao. Kiswahili hiki ninachowaandikia, kwa sehemu kubwa nilikipata kwake, maana cha nyumbani kwetu ni kile cha Kongo, na Saumu alikuwa akinicheka nikisema "iko" kila mahali.

Siku moja mwalimu wetu wa Kiingereza alituita sisi wawili. Akatueleza kuhusu chuo kimoja kidogo Marekani. Chuo cha aina ambayo mwanafunzi hafungwi kwenye somo moja. Unasoma hesabu asubuhi, falsafa mchana, muziki jioni ukitaka, kisha ndiyo unachagua njia yako. Kila mwaka chuo hicho kilichukua mwanafunzi mmoja kutoka mkoa wetu na kumlipia kila kitu: masomo, chumba, chakula, mpaka tiketi ya ndege. Hawakuangalia umaskini wako. Waliangalia uwezo wako.

Mmoja tu! Mwalimu akatutazama na kusema, "Eish, wasichana wangu, najua ni vibaya kuwaambia hivi, lakini mtashindana ninyi kwa ninyi."

Tulicheka. Tulishikana mikono. Tulikubaliana kwamba atakayeenda atamtumia mwenzake picha za theluji.

Tangu siku ile sikutulia tena. Nilikuwa nasoma nikiwa nimesimama. Nilikuwa nashuka ufukweni natembea mpaka mwisho wa njia ya watembea kwa miguu, narudi, naenda tena, huku midomo inacheza kama kichaa. Nilitaka kuondoka. Nilichoshwa na pazia lile, na lifti ile mbovu, na kusikia watu wakituita wageni katika mji ambao ndio pekee ninaoujua. Je, ni dhambi kutaka kuondoka?

Jambo kubwa lilikuwa insha. Walitaka uandike tukio lililobadili jinsi unavyoyaona maisha. Niliandika juu ya saluni ya mama. Mwalimu akaisoma, akanirudishia, akasema imeandikwa vizuri ila haimgusi. "Solange, uko wapi humu ndani?" aliniuliza. Nikaandika ya pili. Nikaandika ya tatu. Kila mara jibu lilikuwa lilelile. Nikaanza kuyachukia maisha yangu kwa kuwa hayakuwa na msiba wa kutosha! Hebu fikirieni akili ya namna hiyo...

Zikiwa zimebaki siku chache, Saumu alinikuta nalia kwenye kona ya maktaba ya shule. Nikamwambia sina hadithi. Akaketi sakafuni kando yangu. Nadhani alitaka kunifariji, anionyeshe kwamba kuwa na hadithi si bahati. Akaniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata baba yake.

Alipokuwa na miaka kumi na minne, mama yake aliugua. Hakujua Kiingereza wala Kizulu, na Mzee Bakari alikuwa kazini, kwa hiyo Saumu ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitali na kumtafsiria. Siku moja daktari alisema ugonjwa umefika kwenye ini na dawa haipo tena. Zimebaki wiki chache. Mama yake akamgeukia akamuuliza, "Anasemaje?" Saumu akautazama uso ule... akashindwa. Akasema, "Anasema utapona, mama. Uvumilie tu."

Mama yake alifurahi. Walipotoka nje alinunua machungwa getini, wakala wamekaa ukingoni mwa barabara. Baada ya wiki sita alifariki. Hakwenda Tanga kumuaga mama yake mzazi, maana alijua anapona. Na Mzee Bakari mpaka siku ile aliamini kwamba ni daktari aliyewadanganya.

Nilimkumbatia Saumu. Nililia naye, wallahi nililia kweli. Na huku nikilia, sauti fulani ndani yangu ikasema: hii ndiyo insha.

Niliiandika jioni ileile kwa saa moja na nusu. Haikunigomea hata sentensi. Mwanzoni nilijidanganya kwamba ni jaribio tu. Niliweka "mimi" mahali pa Saumu, nikaweka hospitali, ini, machungwa ya getini, vyote. Sikumwonyesha mwalimu. Niliituma moja kwa moja kwenye mtandao wa chuo, nikafunga kompyuta ya maktaba, nikatoka mbio kama mtu aliyeiba dukani.

Saumu aliandika juu ya watoto wa jirani aliokuwa akiwafundisha hesabu.

Majuma yaliyofuata nilikuwa mtu wa kushika simu. Kanisani nilikuwa naishika chini ya Biblia. Mama akaniuliza kama nina mchumba! Hatimaye majibu yakaja: wote wawili tumeingia katika watano wa mwisho. Tungehojiwa Jumamosi moja, hotelini, ufukweni. Na barua ikasema: kila mshiriki aje na mzazi au mlezi, kutakuwa na chakula cha mchana.

Mzazi! Mzazi gani? Wangu nilikwisha kumzika!

Ningeweza kusema ukweli siku ile. Ningepoteza nafasi na mambo yangeishia hapo. Badala yake nilikwenda saluni, nikamkuta mama anamsuka mteja, nikasubiri amalize, nikamwambia kwamba siku ya mahojiano aseme yeye ni mama yangu mkubwa.

Akanitazama. "Juu ya nini niseme vile?"

Nikamwambia hawa watu wanawapenda zaidi watoto waliolelewa na ndugu. Alikunja nywele zilizobaki, akazirudisha kwenye mfuko. Kisha akasema, "Kama ni hiyo itakupatia ile bourse ya masomo, nitasema." Akaendelea na kazi. Hakuniuliza tena. Ee Mungu wangu, afadhali angeniuliza!

Jumamosi ikafika. Mama alivaa kikwembe, yaani kitenge, chake kipya cha rangi ya buluu, akajifunga kilemba, akapendeza mpaka nikaona uchungu. Saumu alikuja na Mzee Bakari aliyevaa kanzu na koti. Saumu alipomwona mama akamkimbilia, "Shikamoo mama!" Nikamvuta mama haraka tukakae mbali. Saumu akabaki anashangaa.

Nilidhani insha zitabaki kwenye faili. Sikujua! Aliyeongoza shughuli alikuwa mama mmoja wa Kimarekani, mwenye nywele nyeupe na sauti ya upole. Akasema anataka wazazi wawafahamu watoto wote, kwa hiyo atasoma kipande kidogo cha insha ya kila mmoja. Akasoma ya Saumu, tukapiga makofi. Akasoma za wengine wawili. Kisha akalitaja jina langu, akavaa miwani vizuri, na akaanza na swali lile la "Anasemaje?"

Nilitaka kuinuka. Nikakishika kiti kwa mikono miwili.

Alisoma kuhusu daktari. Alisoma kuhusu ini. Alisoma kuhusu machungwa getini. Watu wakatoa leso. Sikumtazama Saumu, lakini nilimwona Mzee Bakari. Yeye Kiingereza anakijua. Mwanzoni alikuwa akitikisa kichwa kwa huruma kama wengine. Usomaji ulipofika kwenye machungwa, kichwa kikasimama. Akageuka polepole akamwinamia binti yake, akamuuliza jambo kwa sauti ya chini. Saumu alifunika uso wake kwa ncha ya mtandio, na kichwa chake kikashuka mara moja tu... ndiyo.

Yule mama wa Kimarekani akashuka kutoka mbele, akaja mpaka kwetu. Akaishika mikono ya mama yangu yote miwili, macho yamejaa maji, akamwambia kwa Kiingereza kwamba anampa pole kwa kifo cha mdogo wake, na kwamba amemlea binti shujaa.

Mama akanigeukia. "Banasema nini?"

Na mimi nikajibu, "Anasema anafurahi kukuona."

Mama akatabasamu. Akamshukuru yule mama, tena na tena, kwa neno moja la Kiingereza alilokuwa na uhakika nalo.

Nilipoinua macho, viti vya Saumu na baba yake vilikuwa vitupu. Zamu yake ya kuhojiwa ilipofika jina lake likaitwa mara tatu. Hakuwepo. Mimi nilihojiwa, na nilipoulizwa kuhusu insha nilishindwa kusema, nikalia tu. Wakadhani ni majonzi. Wakaniletea maji.

Wiki mbili baadaye nikapata barua. Nimeshinda!

Kanisani pastoori aliniita mbele. Mama alicheza mpaka kilemba kikaanguka. Watu wa Kongo wa South Beach nzima walikuja kunipongeza, na mimi nilikuwa nacheka huku jicho langu liko mlangoni, nasubiri mtu aingie aseme. Hakuna aliyeingia. Saumu alifanya mitihani, akakaa mstari wa mbali, akatoka. Hakunishtaki kwa mwalimu. Hakuandika kwa chuo. Ningepigana naye ningekuwa na nafuu! Nilimtumia ujumbe kumi, ishirini. Hakuna jibu.

Mngetarajia hapo nisimame, sivyo? Sikusimama. Chuo kikanitaka nitume nyaraka kwa ajili ya viza: cheti changu cha kuzaliwa, karatasi ya mlezi... na cheti cha kifo cha mama.

Nilizunguka siku tatu. Nilipanda taxi, yale mabasi madogo ya abiria, mpaka Cato Manor bila shughuli, nikarudi na gari lilelile. Siku ya nne nikaenda kwa jamaa mmoja mjini ambaye watu walisema hutengeneza makaratasi. Alikuwa na tabasamu zuri na kompyuta ya zamani. Akaniuliza jina kamili la marehemu. Nikalitamka, nikamtajia herufi moja moja, maana ni gumu kwa watu wa huku. Kisha akauliza, "Alikufa tarehe ngapi?"

Nilikaa kwenye kiti kile nikimchagulia mama yangu tarehe ya kufa. Nilikwepa mwezi wa kuzaliwa kwake. Nilikwepa Krismasi. Nikataja Jumanne moja ya kawaida.

"Sharp," akasema, yaani sawa. "Njoo kesho."

Nikakichukua kile cheti, nikakificha chini ya godoro langu. Mama yangu hasomi Kiingereza. Lakini jina lake anajua kulisoma! Siku iliyofuata alitaka kufua mashuka. Nami nilikuwa nje, ufukweni, natembea.

Hakunisubiri nyumbani. Alikipeleka cheti saluni, akamwomba mteja mmoja amsomee kila neno. Mimi nilipita pale mchana bila kujua lolote. Wasusi wenzake wote walikuwa wamezima mashine za kukaushia nywele. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya kioo, karatasi iko mapajani. Akanitazama kupitia kioo.

"Solange," akasema. "Miye nilikufaka siku gani?"

Niliitazama ile karatasi.

"Niambie. Hapa banaandika Jumanne. Ile Jumanne nilikuwa wapi? Nilikuwa nasuka watu juu ya karo yako, ao nilikuwa kaburini?"

Nilianguka kwa magoti pale chini, juu ya nywele zilizokatwa. Nikaeleza yote: insha, mama yake Saumu, kwa nini alipewa pole hotelini na mimi nikamtafsiria uongo. Sikubakiza. Nilitegemea anipige. Afadhali angenipiga! Alisikiliza mpaka mwisho, akavua aproni yake, akaikunja, akasema, "Inuka. Tunaenda kwa benye kilio yao." Kilio, kwetu, ni msiba.

Tulipanda taxi mpaka Overport. Mzee Bakari akatufungulia. Mama yangu, mwanamke ambaye hapigii magoti mtu yeyote ila Mungu, alipiga magoti kwenye zulia la watu.

"Baba Saumu," akasema, "mutoto wangu amekula kilio yenu. Sijue namna ya kuirudisha. Nimekuja tu."

Mzee Bakari akamsihi ainuke. Akaniangalia mimi, kisha akamwangalia yeye, akasema taratibu, "Mama, tuliofiwa ni sisi. Lakini naona na wewe leo umefiwa. Pole sana."

Akatuambia kwamba yeye alikwisha kumsamehe Saumu siku ileile, ndani ya gari, kabla hawajafika nyumbani. "Alikuwa mtoto," alisema. "Ningejua, ningempeleka mke wangu Tanga akamwone mama yake. Hilo litaniuma mpaka nife. Lakini mtoto wa miaka kumi na minne utamlaumu kwa lipi?"

Saumu alikuwa chumbani, mlango umefungwa. Nilikwenda pale mlangoni nikaomba msamaha, nikaomba, nikaomba... Mwishowe akasema maneno machache kutoka ndani, bila hasira, kama mtu aliyechoka.

"Ningemwambia mwenyewe, Solange. Nilikuwa najiandaa. Miaka minne nilikuwa najiandaa."

Ndipo nilipojua nilichoiba. Nilidhani nimeiba hadithi. Kumbe nilimwibia ile siku ambayo angekaa na baba yake, wawili tu, akamweleza kwa mdomo wake. Badala yake mzee wa watu aliyasikia hotelini, katikati ya wageni, kwa Kiingereza.

Kesho yake nilikiandikia chuo. Niliandika ukweli wote, na nikawasihi nafasi ile wampe Saumu. Jibu lilikuja fupi. Ufadhili umefutwa. Saumu hakuhudhuria mahojiano, kwa hiyo nafasi inakwenda kwa mshiriki aliyefuata. Msichana ambaye hata jina lake silikumbuki.

Sisi wawili tuliokuwa wa kwanza na wa pili, hakuna aliyeona theluji.

Miaka sita imepita. Saumu alihangaika, mwalimu wetu akamsaidia, akasoma hesabu chuo kikuu hapahapa. Nasikia sasa anafundisha. Mimi shule niliyoomba ilinikataa, kisha nami nikaacha kuomba. Nilifanya kazi saluni miaka mitano, na mwaka huu ndio nimeanza kozi ya ualimu kwa mtandao, masomo mawili tu. Mama alinisamehe, ila ilichukua muda. Karibu mwaka mzima hakuniita kwa jina. Alisema tu "weye". Siku aliponiita Solange, kunituma sokoni, nilikwenda mpaka kwenye ngazi nikakaa nikalia.

Mwezi uliopita nilimwona Saumu. Nilikuwa ndani ya taxi, Overport, gari limesimama kwenye robot, yaani taa za barabarani. Alivuka mbele yetu, amebeba daftari nyingi za wanafunzi. Tulitazamana. Nilipiga kioo, nikamwambia dereva afungue, lakini taa ilikuwa imeshageuka kijani na magari ya nyuma yanapiga honi. Alinipungia mkono? Au alikuwa anazishika daftari zisianguke? Mpaka leo sijui. Nilishuka kituo kilichofuata nikarudi mbio. Hakuwepo.

Bado namwandikia ujumbe kila Idi. Anausoma. Hajibu. Ana haki.

Wadogo zangu mnaoshindania nafasi kama ile, na wazazi mnaowasukuma, nawasihi. Mtu akikupa siri yake, amekupa ya kutunza, hakukupa ya kutumia. Na ukiombwa hadithi yako, andika yako, hata kama ni nyembamba, hata kama mwalimu atasema haimgusi. Mimi nilikuwa na mama aliyejifunza kusuka ukubwani ili nisome, nikaona haitoshi! Sikukosa hadithi. Nilikosa subira ya kuitazama.

Ukishindwa kwa maisha yako mwenyewe, utakuwa umekosa chuo. Vyuo viko vingi. Mimi nilishinda kwa maisha ya mwenzangu, na tangu siku niliyoshinda sijapata kukaa mahali nikatulia.